"Nilimwambia chumba kimeshachukuliwa": je, mimi ni mbaguzi?

SWALI: Mimi ni mama wa Kinubi, mzaliwa wa Bombo, na nimeishi Kawempe, hapa Kampala, tangu nilipoolewa. Marehemu mume wangu aliniachia mizigo minane, vile vyumba vya mstari, na ndivyo vinavyonilisha na kumsomesha binti yangu chuoni. Mwezi uliopita chumba kimoja kilibaki wazi. Akaja kijana, askari wa kampuni ya ulinzi, mpole, kodi ya miezi miwili anayo mfukoni. Nilipomuuliza kwao ni wapi, akasema Moroto, ule mji wa Karamoja, kaskazini mashariki. Nikamwambia pole mwanangu, chumba kimeshachukuliwa, nimesahau tu kutoa kibao. Siku chache baadaye nikampa msichana wa Bombo aliyeletwa na binamu yangu. Binti yangu alisikia yote. Akaniambia, "Mama, wewe ni mbaguzi." Imeniuma, maana sisi wenyewe tumeitwa watu wa Amin na kutukanwa kwa Kiswahili chetu. Simchukii mtu. Lakini mtu wa kwetu akinikimbia na kodi najua pa kumpata. Huyu nitamfuata Moroto? Halafu wapangaji wangu wawili walishaniambia kuwa Mkaramojong akiingia, wao wanatoka. Je, nimekosea? Na sasa nifanye nini? (Hajati, Kawempe)

JIBU: Hajati, asalaam aleikum. Nianze na jibu lenyewe ili usisome kwa wasiwasi. Ndiyo, ulichokifanya pale getini ni ubaguzi. Kijana alikuwa na kila ulichokitaka, ukamnyima kwa jibu moja tu, la kwao ni wapi. Ibara ya 21 ya Katiba yetu ya Uganda ya 1995 inakataza kumbagua mtu kwa kabila lake, sawasawa na inavyokataza kumbagua kwa jinsia, rangi, dini au ulemavu. Sheria niiache hapo, kwa sababu hukuniuliza kama utashtakiwa. Umeniuliza kama wewe ni mtu mbaya, na hilo, kwa heshima zote, ni swali lisilotufikisha mbali. Binti yako ameushambulia moyo wako, nawe unautetea moyo wako, na mnaweza kubishana hivyo hadi Idi. Mimi nataka tuangalie geti.

Katika barua yako yote sentensi iliyonivuta ni ile ya "najua pa kumpata". Huenda uliiandika kama kisingizio, lakini umegusa jambo ambalo watafiti walilikuta hapahapa Kampala, tena si mbali na kwako. Mwaka 2005 Habyarimana, Humphreys, Posner na Weinstein waliwakusanya wakazi wa Mulago-Kyebando, watu wapatao mia tatu wa makabila mbalimbali, wakawachezesha michezo ya kugawana sarafu. Walitaka kujua kwa nini watu wa kabila moja hushirikiana kwa urahisi kuliko watu waliochanganyika. Wengi wetu tungejibu kwamba mtu anawapenda wa kwao. Matokeo hayakusema hivyo. Mtu alipogawa pesa kwa siri, bila mpokeaji kujua nani katoa, hakuwapendelea watu wa kabila lake. Tofauti ilijitokeza pale mpokeaji alipoweza kumwona mtoaji. Hapo baadhi ya watu, hasa wale waliokuwa wachoyo gizani, waliwatendea wa kwao vizuri zaidi. Kwa tafsiri ya watafiti, watu wa kabila moja hutarajia kuwajibishana. Wanajua habari zitafika nyumbani.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba humchukii mtu, nakuamini. Hukutafuta wa kumpenda, ulitafuta wa kumfikia kodi ikipotea, na hayo ni mahitaji halali ya kila mwenye nyumba. Kosa ni kwamba ulitumia kabila kupima jambo ambalo kabila halipimi.

Walinganishe hao wawili, msichana na kijana. Msichana wa Bombo akitoroka utampata kwa njia gani? Kwa binamu yako. Basi aliyekupa amani ni binamu, wala si Bombo. Asingekuwa na binamu huyo angekuwa mgeni kama mgeni yeyote, na Bombo yenyewe ina watu ambao wewe na mimi hatungewakopesha shilingi. Sasa mtazame yule kijana. Ana mwajiri. Kampuni za ulinzi zinafanya kazi chini ya usimamizi wa polisi, na hazimkabidhi mtu silaha bila kumwandika yeye ni nani na anatoka wapi. Ukipiga hesabu kwa kipimo chako mwenyewe, cha nani anapatikana, kijana wa Moroto alikuwa mpangaji wa uhakika kuliko msichana. (Na hili nalisema kwa jiji zima, si kwako peke yako: tunawapa watu wa kaskazini bunduki walinde benki zetu usiku kucha, asubuhi wakitafuta pa kulala tunawaambia vyumba vimejaa.)

Wazee wetu walilijua tatizo la mgeni asiye na ndugu, na hawakungoja mapenzi yaje yenyewe. Buganda na Bunyoro walikuwa na omukago, yaani udugu wa kuchanjia damu. Watu wawili wasio wa damu moja waligawana buni ya kahawa iliyopakwa damu zao, na kuanzia siku hiyo kila mmoja alikuwa na deni la ndugu kwa mwenzake, deni la kuogopesha kulivunja. Ulikuwa utaratibu uliomgeuza mtu wa mbali kuwa mtu anayewajibika. Siku hizi sikushauri ukate kidole, Hajati. Lakini barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji au mtaa, wa mahali anapohama, nakala ya kitambulisho cha taifa, namba ya mwajiri na namba ya mwenye nyumba wa zamani vinafanya kazi hiyohiyo, na mtu wa Moroto anaweza kuvileta sawa na wa Bombo, wa Mbale au wa Kabale.

Unaweza kuuliza kwa nini basi neno Moroto lilifunga mlango kabla hujafikiria hata moja ya hayo. Nadhani ni kwa sababu wengi wetu tulijua habari za Karamoja kabla ya kumjua Mkaramojong. Enzi za mkoloni eneo lile lilifungwa, mtu wa nje hakuingia bila kibali, na hata baada ya uhuru liliendelea kuendeshwa kama mahali pa peke yake. Baadaye zikaja habari za wizi wa ng'ombe na bunduki, na kuanzia 2001 kampeni za serikali za kuwanyang'anya silaha. Na hapa mjini tunaowaona ni kina mama na watoto wanaonyoosha mikono kwenye foleni za magari. Mwalimu wa Kikaramojong anayemfundisha mtoto wako hesabu, au muuguzi aliyekudunga sindano, hukumhesabu, kwa sababu hakuna kilichokufanya uulize kabila lake. Akilini tumebaki na mifugo, bunduki na ombaomba, na kijana anapotaja Moroto tunamvika vyote vitatu. Wala huna hakika kuwa ni Mkaramojong. Alitaja mji, na mji una watu wa kila upande.

Hebu sasa tuligeuze upande wako, maana umesema unajua uchungu wake.

Wanubi mlifikaje hapa? Askari wa Kisudani waliobaki nyuma gavana wao Emin Pasha alipoondoka Equatoria, kusini mwa Sudan, Lugard, afisa Mwingereza, akawachukua mwaka 1891, na hao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa jeshi la Waingereza Uganda. Bombo ikawa kambi yao na makazi yao. Kiswahili kikafuata jeshi. Gavana Gowers alipotaka mwaka 1927 kukipa nafasi kubwa katika shule na ofisi, wakubwa wa Buganda walikipinga, na Kabaka Daudi Chwa mwenyewe aliandika mwaka 1929 kukikataa. Kisha Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, miaka ileile ambayo raia walikisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani: toa kitambulisho, kaa chini, fungua buti. Utawala ulipoanguka mwaka 1979, hasira iliwaangukia Wanubi na watu wa West Nile, kwao Amin, bila kuchagua nani alishika bunduki na nani alikuwa anauza vitambaa sokoni. Wengi walikimbilia Sudan na Zaire.

Baraza la mawaziri lilipitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni, na bado mzee wa Masaka akisikia vijana wanaongea Kiswahili nyuma yake gizani, anaharakisha hatua. Siwezi kumcheka. Kumbukumbu yake ni ya kweli, kuna mtu kweli alimlaza chini kwa lugha hiyo. Ila anayelipa deni hilo leo ni wewe, uliyeingia dukani kununua sukari. Kijana wa Moroto alikuja kwako akiwa katika nafasi hiyohiyo. Labda kuna ng'ombe walioibwa kweli, labda bunduki zilikuwepo kweli, lakini yeye alikuja na kodi ya miezi miwili na upole ambao umeukiri kwa kalamu yako mwenyewe. Watu hudhani aliyeonewa hawezi kuonea. Kwa niliyoyaona katika kazi hii ya kusuluhisha, aliyeonewa huwa mwepesi wa kuona akionewa tena, na huo wepesi haumsaidii kuona upande wa pili wa geti.

Kinachonisumbua zaidi hata ya kumkatalia ni ule uongo wa "kimeshachukuliwa". Najua uliusema kwa huruma, usimuumize. Lakini fikiria yeye anavyoupokea. Wewe umekataa mara moja tu, mtu mmoja, siku moja. Yeye anatembea kutoka Kawempe hadi Kyebando hadi Bwaise, na kila geti linamwambia kwa sauti nzuri kwamba limechelewa kutoa kibao. Hana ushahidi na hana wa kumlalamikia, na hata rafiki yake akimwambia ni bahati mbaya hawezi kubisha. Ndiyo maana ubaguzi wa namna hii huonekana tu ukikusanya mageti mengi. Huko Marekani, Bertrand na Mullainathan walichapisha mwaka 2004 jaribio la barua za maombi ya kazi zipatazo 5,000 zilizotumwa Boston na Chicago. Sifa zilifanana, majina tu yalitofautiana: mengine ya kawaida kwa Wazungu, mengine ya kawaida kwa Wamarekani weusi. Majina ya Kizungu yaliitwa kwa asilimia 50 zaidi. Kila mwajiri aliona rundo lake tu, na sidhani kama wengi wao walijiona wabaguzi. Hapa kwetu wala hatuhitaji barua. Mtu akisema anaitwa Okello, Mugisha, Wafula au Nakato, tumeshamweka kwenye ramani kabla hajamaliza kusalimia.

Kusalimia nako kuna mtego. Msichana wa Bombo alijua namna ya kukuamkia, kwa sababu amekuzwa na mama kama wewe. Hapa Buganda msichana hupiga magoti; kwingine mtu humsalimu mkubwa akiwa amesimama wima na humaanisha heshima ileile. Nimewasikia wenye nyumba wakisema fulani hana adabu, ukichimba unakuta hana adabu za mwenye nyumba. Salamu furahia nayo, lakini usiihesabu kama dhamana.

Sasa nifike kwenye la kufanya, na sitakuambia usafishe moyo, kazi hiyo haina mwisho. Nunua daftari, lile gumu la dukani. Kabla chumba hakijawa wazi, andika unachotaka kwa kila mpangaji: vile vitu vinne nilivyotaja hapo juu na kodi ya miezi unayoitaka. Anayekuja, mwandike jina, namba na saa aliyofika. Anayetimiza kwanza ndiye anayepata. Swali la "kwenu wapi" uliulize baada ya kupokea pesa, mkinywa chai, kwa sababu ni swali zuri sana la kufahamiana na ni swali baya sana la kuchujia watu. Msichana wa Bombo naye alete barua ya LC1, hata kama binamu atanuna. Na ukilazimika kumkatalia mtu, mpe sababu unayoweza kuirudia mbele ya binti yako.

Mwambie na dalali wako, kama unaye. Hili watu hulisahau. Madalali wengi huuliza kabila kwenye simu na kuwachuja watu kabla wewe hujawaona, wakiamini ndivyo unavyotaka, na hapo unaweza kukaa mwaka mzima ukijisifu kwamba hujamkatalia mtu.

Msichana usimtoe. Hana kosa, na ukimtoa utakuwa umefanya dhuluma ya pili ili kujifariji juu ya ya kwanza. Yule kijana, kama namba yake unayo, mwambie ukweli kwa maneno machache: chumba kilikuwepo, nilikosea kukunyima, kingine kikipatikana nitakupigia wewe kwanza. Usimwombe msamaha wa nusu saa hadi yeye ndiye aanze kukubembeleza. Huenda akakata simu, na ni haki yake.

Kuna kitu kimoja ambacho nadhani binti yako, kwa ujana, anaweza kukikosea. Kupenda watu wa kwenu si dhambi. Kampala isingekalika bila vyama vya watu wa kwetu, vile vya kuzikana na kuchangiana, ambavyo humpokea mtu aliyeshuka basi jana na kumwonyesha pa kulala. Unayemwalika Idi ni chaguo lako, na anayekuletea sahani ya futari pia. Lakini chumba ulichokitundikia kibao barabarani umekitoa sokoni, na sokoni anayefika na bei ndiye mnunuzi. Nisingependa akuambie uache Unubi wako ili uwe mwema. Wala nisingependa mlimalize hili kwa ile siku ya utamaduni ya shuleni, watoto wa Kampala wakicheza Bwola ya Waacholi asubuhi na Bakisimba ya Waganda mchana, wazazi wakipiga picha. Nazipenda ngoma hizo, ila sijaona bado mwenye nyumba aliyefungua geti kwa sababu alipiga makofi.

Kinachofungua watu ni kuishi pamoja kwa masharti. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana tu hakupunguzi chuki. Lazima watu wawe na hadhi sawa katika shughuli hiyo, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na aliye juu yao aunge mkono. Ua wa mizigo ni mahali pazuri pa kuyaona hayo, kwa uzuri na kwa ubaya. Niliwahi kuitwa kusuluhisha ua mmoja wa Wakiso ambako watu walikuwa wameshafika kutajiana makabila na kutishiana polisi. Tulipokaa chini, kesi ilikuwa Yaka, umeme wa kulipia kabla. Vyumba sita vilitumia mita moja, kila mmoja akichanga sawa, na chumba kimoja kilikuwa na friji ya kugandisha maji ya kuuza. Waliokuwa na balbu moja walichoka kulipia barafu ya mwenzao. Hakuna aliyekuwa tayari kusema "friji yako inanimaliza", ikawa rahisi kusema "nyinyi watu wa huko ndivyo mlivyo". Mwenye nyumba aliweka mita ndogo ya kila chumba, na sikuitwa tena. Kwako angalia umeme, bomba, zamu ya kufagia choo, saa ya kufunga geti na moshi wa jiko la mkaa. Ziandike sheria zake, zisome mbele ya wote. Ugomvi wa makabila mara nyingi huanzia kwenye beseni lililoachwa bombani.

Wamebaki wale wapangaji wawili wanaotishia kuhama. Waite, kila mmoja peke yake, waulize wanaogopa nini hasa. Usikubali jibu la "si unawajua". Mmoja akisema wizi, onyesha kufuli na kitambulisho ulichokichukua. Akisema bunduki, mwambie aulizie kwenye kampuni bunduki inalala wapi, au uulize wewe. Akisema wageni wengi na kelele, hayo yana sheria kwenye daftari, na yatamhusu hata yeye mwenye redio. Wapangaji hutishia kuhama kuliko wanavyohama, maana gari la kubeba vitanda linagharimu na chumba kipya kinataka kodi ya mbele. Ila akishikilia kwamba hawezi kupanga ukuta mmoja na Mkaramojong, muage vizuri, akupe taarifa ya mwezi kama mlivyokubaliana, umrudishie amana yake yote. Akirudi baadaye kuuliza kama chumba chake bado kipo, na huwa wanarudi, mwandike kwenye daftari na saa aliyofika, kama wengine.